Samyang 14mm f/2.8: usiiamini namba, weka alama yako

Kwenye pete ya fokasi ya Samyang 14mm f/2.8 imechapwa nane iliyolala, ile alama ya mbali kabisa. Mnunuzi mpya anaizungusha pete mpaka hapo, anapiga mlima au nyota, na akifungua picha kwenye kompyuta anakuta kila kitu kana kwamba kilipigwa nyuma ya chandarua. Anaamua kuwa lenzi ya bei rahisi ni lenzi mbovu. Kumbe vioo havina shida, ila ile nane imekaa mahali pasipo pake. Ukishaipata alama ya kweli ya lenzi yako na kuiandika kwa mkono wako, utakuta ukali wake umezidi bei yake kwa mbali, na kwa kazi nyingi hutaikumbuka fokasi ya otomatiki.

Kwanza kifaa chenyewe. Samyang ni kampuni ya Korea Kusini, na lenzi hiyohiyo imeuzwa pia kwa majina ya Rokinon, Bower na Walimex Pro. Kwa hiyo ukiwinda bei, tafuta majina yote manne. Ndani ina vioo 14 katika mafungu 10, tundu lake la kupitishia mwanga lina majani 6, na uzito wake ni nusu kilo na ushee kutegemea aina ya kamera iliyotengenezewa. Mpya imekuwa ikiuzwa kati ya dola 300 na 400 za Marekani, wakati Canon EF 14mm f/2.8L II yenye fokasi ya otomatiki iliwekewa bei ya zaidi ya dola 2,000. Ulichopunguziwa ni mota, chipu (kwa matoleo mengi), kinga ya vumbi na unyevu, na mistari iliyonyooka. Hilo la mwisho tutalirudia. Toleo la baadaye, MK2, limeongezewa kinga ya unyevu na namna ya kufunga fokasi isisogee. Mengi ya hapa yanalihusu nalo.

Kwenye sensa kubwa (kibao kinachopokea picha ndani ya kamera) ya milimita 36 kwa 24 unapata nyuzi 104 za upana na 81 za kimo. Ni pana kiasi kwamba vidole vyako vya mkono wa kushoto na mguu wa tripodi vitaingia kwenye picha usipoangalia. Kwenye sensa ndogo ya APS-C inabaki kama nyuzi 80 kwa 58, ambayo bado ni pana ila haishtui.

Kabla ya kupiga picha ya kwanza

Toleo la kawaida la Canon halina chipu, kwa hiyo kamera itaonyesha 00 mahali pa namba ya tundu. Si hitilafu. Tundu unaliweka kwa pete iliyopo kwenye lenzi, kuanzia f/2.8 (wazi kabisa) hadi f/22 (limebanwa kabisa), na kadiri unavyolibana ndivyo dirisha la kamera linavyokuwa giza, kwa sababu majani yanajifunga palepale. Kupima mwanga bado kunawezekana kwenye Av (kamera inachagua kasi ya shata) au M (unaweka kila kitu mwenyewe).

Toleo la Nikon lenye herufi AE lina chipu, na hapo pete lazima ikae f/22 ili kamera yenyewe iongoze tundu. Ukiisogeza, kamera itaandika fEE na kugoma kupiga. Toleo la Nikon lisilo na chipu kwenye kamera ndogo za familia ya D3000 na D5000 halitapima mwanga kabisa. Unapiga kwa M na kusoma histogramu, ule mchoro wa mwanga na giza wa kwenye skrini.

Kwenye kamera zisizo na kioo cha kurusha, za Sony, Fujifilm au Canon R, ingia kwenye menyu ukaruhusu kamera kupiga bila lenzi, kwa kuwa inaamini haina kitu mdomoni. Na kama mwili wa kamera una kituliza mtikisiko, mwambie kwa mkono kuwa lenzi ni ya milimita 14. Kituliza kilichobaki na namba ya lenzi ya jana, tuseme 85, kitaisogeza sensa kupita kiasi, na picha itatikisika hata mkono ukiwa umetulia. Kosa hili huwapoteza watu wengi, kwa sababu matokeo yake yanafanana sana na fokasi mbaya.

Lenzi isiyo na chipu haiandiki f ngapi ndani ya faili. Ukitaka kumbukumbu, kabla ya kila mfululizo piga picha moja ya vidole vyako mbele ya lenzi: viwili kwa f/2.8, vinne kwa f/4, na kadhalika. Inaonekana kichekesho, lakini siku ya kulinganisha utaishukuru.

Kwa nini ile nane hudanganya

Ni hesabu tu. Lenzi ya milimita 14 ikitoka kulenga mbali kabisa mpaka kulenga mita 1, mahali pa taswira nyuma yake panahama kwa milimita 0.2 peke yake. Sasa fikiria kiwandani kosa la milimita 0.05, ambalo ni chini ya unene wa karatasi. Kosa hilo linatosha kuhamisha "mbali kabisa" hadi karibu mita 4. Lenzi ya milimita 50 kwa kosa hilohilo ingebaki inalenga mita 50. Ndiyo maana lenzi pana haisamehe pale inapokutana na mwili wa kamera. Kwa sababu hiyohiyo, alama utakayoiweka ni ya lenzi hii, kwenye kamera hii, kwa adapta hii (pete ya kuungia lenzi kwenye kamera ya aina nyingine). Ukibadilisha adapta, alama imekufa. Adapta nene kuliko inavyotakiwa ni mbaya zaidi, kwani inaweza kuizuia lenzi isifike mbali kabisa hata ukiizungusha hadi mwisho. Adapta nyembamba kidogo inakulazimisha tu kusimama mapema.

Kuweka alama

Fanya kazi hii mchana, saa ambayo ardhi haijapata moto, kwa sababu mvuke wa joto juu ya lami au mabati hutetemesha taswira. Chagua kitu chenye mistari myembamba kilicho mita 100 au zaidi, kama mnara wa simu, antena au nyaya za umeme. Kamera iwe kwenye tripodi, kituliza kimezimwa, tundu f/2.8. Usilenge ukiwa f/8. Hapo kila kitu kinaonekana kikali kwa sehemu kubwa ya pete, na hutajua kilele kiko wapi.

Kuza taswira kwenye skrini mara 10. Zungusha pete taratibu mpaka mistari ikaze, ipitilize mpaka ilegee, kisha rudi. Fanya hivyo mara tatu nne, ukipunguza mwendo kila safari, na simama katikati ya sehemu mbili zinazolegea. Zile rangi za kumulika kingo ambazo kamera nyingi zinazo, zizime kabisa. Kwa lenzi pana kiasi hiki zinawaka kila mahali na kukupa moyo usiostahili. Piga picha tano, kila moja ukisogeza pete kiasi cha unywele, uzitazame kwa asilimia 100 kwenye kompyuta. Ile iliyo kali kuliko zote ndiyo alama yako.

Sasa chukua utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi. Bandika kipande kwenye pete inayozunguka, kingine kwenye mwili wa lenzi usiosogea, vikaribiane bila kugusana. Chora mstari mmoja mwembamba unaovuka vipande vyote viwili, kwa kalamu isiyofutika. Mstari mnene ni sawa na kutokuwa na mstari, kwa sababu kutoka mita 3 hadi mbali kabisa pete inasogea kidogo mno.

Ukiwa bado hapo, weka alama nyingine mbili, ya mita 1 na ya mita 1.7. Pima kwa futi kamba kutoka kwenye kile kiduara chenye mstari kilichochorwa juu ya kamera, maana hapo ndipo sensa ilipo. Umbali wa lenzi hauhesabiwi kutoka kwenye kioo cha mbele. Ile sentimita 28 ya kulenga karibu inayotajwa kwenye karatasi ya lenzi, ukiipima kutoka kiooni inabaki karibu nusu yake.

Wapo wanaobandua mpira wa pete ya fokasi, wakalegeza skrubu ndogo zilizo chini yake na kuihamisha chapa yenyewe ikae sawa. Inawezekana, na kazi ikifanywa vizuri hupendeza. Lakini skrubu hizo ni laini, bisibisi isiyolingana inazila vichwa, na mpira ukishavutika haurudi kukaza. Utepe wa karatasi unafanya kazi ileile bila kufungua kitu.

Alama ya mita 1.7 ni ya nini? Kwenye sensa kubwa, ukiwa f/8 na ukilenga sentimita 83, hesabu ya kawaida inasema kila kitu kuanzia kama sentimita 42 hadi upeo wa macho kitakuwa na ukali wa kutosha. Hesabu hiyo ilitungwa kwa picha ndogo za karatasi. Kwa kamera ya megapikseli 24 au zaidi izidishe mara mbili: lenga mita 1.7 kwa f/8, na ukali wa kweli utaanzia kama sentimita 85. Mtaani, sokoni au kwenye daladala hiyo inatosha siku nzima. Unaweka pete kwenye alama, unaifunga kwa kipande kingine cha utepe, na kazi yako inabaki kutazama na kubonyeza. Kwa f/2.8 mambo ni tofauti, kwani hesabu ya kawaida inataka ulenge mita 2.3, kwa hiyo gizani tumia alama ya mbali kabisa au lenga upya.

Nyota

Hapa ndipo lenzi hii ilipojipatia jina. Lenzi nyingi pana zikifunguliwa f/2.8 huzifanya nyota za pembeni ziote mabawa kama kumbikumbi. Hii inazibakiza vinukta, au karibu na hapo, mpaka kwenye kona.

Kanuni inayozunguka mitandaoni ni kugawanya 500 kwa milimita za lenzi ili upate sekunde za kuacha shata wazi, na kwa 14 unapata 35. Kwa Afrika Mashariki kanuni hiyo ni ya ukarimu mno. Nyota zinazokwenda kasi kuliko zote ni zile zilizo juu ya ikweta ya anga, na kwetu ikweta hiyo inapita karibu na utosi. Jabari (Orion) na mkanda wake ziko hapohapo. Nyota zinazojivuta polepole ni za karibu na ncha, ambazo kwetu zimelala kwenye ukungu wa upeo. Kasi yenyewe ni sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) kwa kila sekunde ya saa. Kwenye sensa kubwa ya megapikseli 24, pikseli moja nyuma ya lenzi hii inafunika takriban sekunde 88 za tao. Kwa hiyo sekunde 35 za shata zinaivuta nyota pikseli 6, na hicho ni kijistari. Sekunde 20 zinaivuta 3 na kidogo, unayoweza kuivumilia. Anza na sekunde 20, f/2.8, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 3200, faili ghafi (RAW). Kwa APS-C shuka hadi 13 au 15.

Tundu liache wazi. Ukibana hadi f/4 utapunguza giza la pembeni, lakini utapoteza nusu ya mwanga na kulipa kwa chenga, zile punje za rangi gizani.

Usiku hakikisha alama yako kwa nyota halisi. Tafuta inayong'aa, kama Shira (Sirius) au Suheli (Canopus), au sayari kama Mshtarii au Zuhura, iweke karibu na katikati, kuza mara 10, na zungusha mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote. Kama hakuna nyota nzuri, taa ya mbali inatosha. Baridi ya usiku hukaza vyuma. Ukipandisha lenzi kutoka kwenye gari lenye joto hadi miinuko, angalia tena fokasi baada ya saa moja.

Kuhusu majira, kitovu cha Njia Nyeupe kiko upande wa makundi ya nyota ya Kausi na Akarabu. Katikati ya Juni kinafika juu kabisa karibu saa sita na nusu usiku, na katikati ya Agosti kimeshafika saa mbili na nusu. Kwa Dar es Salaam au Zanzibar kinasimama nyuzi kama 67 juu ya upeo wa kusini, juu kiasi kwamba lenzi ya milimita 24 inakulazimisha uchague anga au ardhi. Kwa 14mm, simamisha kamera wima, iinue nyuzi 45, na fremu inaanzia chini ya upeo hadi kupita utosi. Mbuyu, jahazi na Njia Nyeupe nzima vinaingia.

Kwa wanaopiga ufukweni: usiku usio na mwezi ndio mzuri kwa nyota, na ndio usiku wa bamvu. Maji yanatoka mbali na yanarudi mbali. Tripodi iliyosimikwa kwenye mchanga mkavu wakati maji yametoka itakuwa majini kabla mfululizo wako haujaisha.

Mistari yenye masharubu

Kasoro kubwa ya kweli ya lenzi hii ni mpindo. Katikati mistari inatuna nje, na ikikaribia kona inarudi kinyume, umbo la masharubu. Bahari ya Hindi ikiwa shwari kabisa, ukiweka upeo juu au chini ya fremu utaonekana na wimbi. Upeo ukiwa katikati unanyooka. Kitelezeo cha kawaida cha kurekebisha mpindo hakiwezi masharubu. Ukinyoosha katikati, pembeni panaharibika. Unahitaji wasifu wa lenzi hii hasa, yaani vipimo vya mpindo wake ambavyo programu ya picha huvitumia kuunyoosha. Programu ya bure ya Darktable inao, kupitia hazina ya Lensfun, ila kwa lenzi isiyo na chipu lazima uichague jina mwenyewe. Rekebisha mpindo kwanza, ndipo unyooshe picha iliyoinama au kuta zinazoanguka. Ukianza na kunyoosha, wasifu hauwezi tena kulingana na picha. Na acha nafasi pembeni unapopiga, marekebisho yanakula kingo.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu, lenzi inaingiza kuta zote mbili na anga kwa pamoja, lakini ukiielekeza juu hata nyuzi tano, nyumba zinalaliana. Washa kipima usawa cha kamera. Mlango wa nakshi piga ukiwa umesimama katikati yake kabisa, sensa sambamba na mbao, urefu wa kifua. Ukisogea kando hatua moja, fremu ya mlango inakuwa pembe nne za ajabu.

Watu wasikae kwenye kingo. Hilo si kosa la Samyang, ni tabia ya kila lenzi pana yenye kunyoosha mistari. Kichwa kilicho pembeni kinavutwa kama yai. Picha ya ukoo mzima harusini kwa 14mm ni ugomvi wa kujitakia, na shangazi wa mwisho kulia hatasahau.

Giza la pembeni kwa f/2.8 ni kubwa, kama stopu mbili kwenye kona (kila stopu ni nusu ya mwanga), na linapungua sana ukifika f/5.6. Kichujio cha kuzungusha hakifungiki, kwa kuwa kioo cha mbele kimetuna na kofia yake imeunganishwa moja kwa moja. Vishikizo vya vichujio vya milimita 150 vipo, lakini bei yake inakaribia ya lenzi. Piga picha mbili, moja ya anga na moja ya ardhi, uziunge. Jua likiwa ndani ya fremu utapata miale sita mizuri ukibana f/11 au f/16. Likiwa nje kidogo ya fremu utapata madoa ya mwanga, na dawa yake ni kiganja chako kulikinga.

Kununua mtumba, na kuitunza

Muuzaji akikupa dakika kumi, zitumie kutafuta jambo moja, kama vioo vimekaa katikati. Weka f/2.8, fokasi mbali kabisa, na upige kitu kilekile cha mbali mara nne ukikiweka kila kona kwa zamu. Kona zote zikilegea sawasawa, ni fokasi, rekebisha ujaribu tena. Moja au upande mmoja ukilegea na mwingine ukiwa mkali, vioo vimepinda. Hilo halirekebishiki mezani, iache hapo. Kisha mulika tochi ya simu kutokea nyuma uangalie fangasi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Mikwaruzo midogo kwenye kioo cha mbele haina madhara makubwa. Kwenye kioo cha nyuma ina.

Pwani, fangasi ndiye adui. Lenzi hulala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, wala si kwenye mfuko wa kamera wenye sponji. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na usiufungue kwa nusu saa, mvuke utue nje ya mfuko. Chumvi ya bahari ikishakauka kiooni, usiifute kavu. Puliza kwa pampu ya mpira, loanisha kitambaa kwa maji ya betri yasiyo na asidi, yale yaliyochujwa madini, kisha futa kwa mguso mwepesi kutoka katikati kwenda nje. Kizibo cha mbele ni kikombe kinachovaa juu ya kofia na kinapenda kuchomoka begini, kwa hiyo kifunge kwa kamba ya mpira.

Utepe wa alama nao una umri. Kwenye joto gundi yake huyeyuka na kipande kinatembea polepole bila wewe kujua, na unarudi kwenye picha za chandarua. Ubadilishe kila baada ya miezi michache, na kabla ya kuubandua piga picha ya karibu ya pete kwa simu, ili uone alama yako ilikaa wapi ikilinganishwa na namba za kiwandani.